Salamu Maria Nne kwa Ndoo Moja

Kwa miaka kumi na mitano nilivaa ufunguo shingoni. Wenzangu kazini walivaa misalaba na mikufu. Mimi nilivaa ufunguo wa chumba cha nyuma cha maktaba ya chuo kikuu chetu hapa Bukavu, chumba ambamo tunahifadhi kazi za mwisho za wanafunzi, zile tunazoziita memwari. Mwanafunzi akishatetea kazi yake mbele ya walimu, huniletea nakala moja yenye jalada gumu. Mimi naiandika ndani ya daftari, naipanga kwenye rafu, nafunga mlango. Kama ungeniuliza wakati ule kazi yangu ni nini, ningekujibu bila haya: kufunga mlango.

Nilikuwa na sheria, na nilizipenda. Mwenye kuingia aoneshe kadi ya chuo, aoshe mikono kwenye beseni lililo karibu na meza yangu, aache mfuko mlangoni, asome akiwa mbele ya macho yangu, aandike kwa penseli. Foto hapana. Fotokopi hapana. Wanafunzi waliniita Maman Hapana nyuma ya mgongo wangu, na siku moja mmoja wao alisahau akaniita hivyo usoni. Nilimpa kitabu alichokitaka, lakini nilimrudisha kuosha mikono mara mbili.

Msinione mbaya bure. Nilipoanza kazi, nilikikuta chumba hicho kinavuja na mlango wake haufungi. Kazi za watu zilikuwa zikitoka na kutorudi. Mimi mwenyewe nimewahi kununua karanga soko la Kadutu, nikakuta zimefungwa ndani ya ukurasa wa hitimisho la mtu, na nikausoma wote nikitafuna. Lilikuwa hitimisho zuri. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba hakuna tena jasho la mtu litakalofungia karanga nikiwa hai, nikaenda kununua kufuli.

Kufuli hilo halikumhurumia hata mama yangu. Mama anaishi Katana, na siku moja alikuja mjini na wamama wawili wa kikundi chao cha kanisa, wote wamevaa kitenge cha sare, ili awaoneshe memwari yangu. Nyumbani kwake ana nakala yake, lakini alitaka waione ikiwa chuoni, imesimama pamoja na nyingine. Hawakuwa na kadi.

"Maman, bila kadi haiwezekane," nilimwambia. "Sheria njo sheria."

"Hata kugusa tu mugongo yake?"

"Hata kugusa."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, mukubwa wa funguo." Wakaenda kukaa kwenye ngazi za nje, wakala parachichi walizobeba, wakarudi Katana. Mimi nilibaki nimenyoosha shingo, nikijisikia mtu wa haki. Leo nikikumbuka nasikia haya mpaka masikioni.

Mwaka uliofuata wakubwa wa chuo waliamua kwamba memwari zote zipitishwe kwenye mashine, moja moja, ziwekwe kwenye intaneti, na mtu yeyote azisome bure, awe Bukavu, awe Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, awe Ulaya. Kwenye mkutano nilisimama nikasema kitu kinachoguswa na kila mtu hakidumu. Mwenzangu wa kompyuta alinijibu kwa upole kwamba kinachochakaa ni karatasi, namba zilizoandikwa ndani hazipungui kwa kusomwa. Nikamwambia kwamba nilianza kulinda vitabu yeye akiwa bado anakojoa kitandani. Watu walicheka, mkutano ukaisha, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Ndipo akaja yule binti.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtu wa Katana kama mimi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliosha mikono bila kuambiwa. Aliomba memwari moja tu, na hiyo memwari ilikuwa yangu.

Nieleze kidogo. Karibu miaka ishirini iliyopita niliandika juu ya chemchemi moja ya Katana, ile iliyo chini ya kilima cha mikaratusi, ambako nusu ya mtaa wetu huchota maji. Kwa mwaka mzima, kila asubuhi, ndoo ya lita ishirini iliwekwa chini ya bomba la chemchemi na ikaandikwa imechukua sekunde ngapi kujaa. Mpaka mwezi wa nane ilichukua kama arobaini. Kuanzia mwezi wa tisa ikapanda ghafla, ikawa kama hamsini, ikabaki hapo. Maana yake maji yalikuwa yamepungua. Nikatafuta mwizi, na mwizi nikampata: ile mikaratusi ya kilimani, mti unaojulikana kwa kiu. Walimu walinipa alama nzuri sana. Profesa aliyenisimamia anafundisha jambo hilo hadi leo, na darasani kwake mikaratusi ya Katana imekuwa mhalifu anayejulikana.

"Mimi pia nimepima, maman," binti aliniambia. "Miezi tatu, pale pale. Ninapata makumi ine, makumi ine na moja. Profesa anasema nimetunga namba. Anasema kama ilikuwa makumi tano wakati wenu, na miti imekomea, imekuwa mikubwa, leo ingekuwa makumi sita."

"Na weye ulitunga?"

"Hapana, maman." Hakukasirika. Alisema tu. "Amesema bila kuona namba zenu za kila siku, hanisainie. Kutetea iko mwezi kesho. Nikikosa, ninarudia mwaka, na mudogo yangu anangoja. Papa alisema mumoja akitoka, mwingine njo anaingia. Amengoja miaka mbili, anauza makala ya kupikia, anangoja."

Nilikwenda rafuni mwenyewe. Kwa kweli nilikwenda kwa furaha, kwa sababu si kila siku mtu anakuja kuomba jasho lako. Ndani ya maandishi yenyewe kulikuwa na wastani wa kila mwezi tu. Namba za kila siku zilikuwa mwishoni, kwenye viambatisho, kurasa kumi na mbili za majedwali niliyoyapanga vizuri mpaka wengine waliyafanya mfano. Nikafungua mwishoni. Kurasa hazikuwepo. Wembe ulikuwa umepita karibu kabisa na mshono, kazi safi ya mtu mwenye subira, na jalada likafungwa tena bila kuonesha lolote.

Nilifungua iliyo pembeni yake. Nayo imenyolewa. Ya tatu nzima, ya nne imenyolewa ramani. Nilizunguka chumba changu nikifungua na kufunga, na binti akiwa amesimama na penseli yake mkononi. Nilikuwa nimewakataza foto, nao wakaona njia fupi ni kubeba karatasi yenyewe. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimelinda majalada.

"Pole, maman," binti alisema.

Nilitaka kumgombeza mtu, lakini aliyekuwepo ni yeye tu, na yeye hakuwa na kosa. Nikamwambia nakala nyingine ipo. Ipo Katana, kwa mama yangu, ndani ya bufe.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa bufe. Ni lile kabati la vioo la sebuleni, lenye vikombe ambavyo havinywewi na sahani ambazo hazipakuliwi chakula. Memwari ya mtoto ikishatetewa, mahali pake ni humo. Haisomwi. Inasimama, wageni wanaiona, wanauliza, wazazi wanajibu. Ya kwangu ilisimama kati ya thermosi ya maua ambayo haijawahi kutiwa chai na picha ya harusi ya wazazi, na ufunguo wa bufe mama aliufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Alikuwa halifungui pindo hilo hata kwa padri.

Tulienda Jumamosi. Mama alikuwa ametuandalia bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na tulikula kwanza, kwa sababu kwa mama yangu hakuna shida inayozungumzwa na njaa. Kisha nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo, akashika ufunguo mkononi, akamgeukia binti.

"Kadi?"

Binti alitoa kadi yake ya chuo. Mama aliigeuza mbele na nyuma, ingawa macho yake hayaoni tena maandishi madogo.

"Na weye?"

"Maman, kadi yangu nimeiacha Bukavu."

"Bila kadi haiwezekane," mama alisema. "Sheria njo sheria."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionesha barazani kwa kidevu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi. Punde nikaletewa parachichi moja na kisu juu ya sahani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikula parachichi lote, nikilitafakari, na nilipolimaliza nikasikia anaita kutoka ndani, "Ingia, mukubwa wa funguo. Lakini unawe."

Binti alikuwa tayari mezani, amenawa mikono, penseli imechongwa. Mama alikuwa amemkataza foto. Simu ililala upande wa pili wa meza, na binti alikuwa amejitayarisha kunakili namba za mwaka mzima kwa mkono. Mama alikaa karibu yake na ungo wa maharagwe, akichambua.

"Mbele ya kuandika, unisomee," alimwambia. "Miaka yote hii hiyo kitabu iko mu nyumba yangu, na sijue inasema nini. Iko mu Kifaransa. Weka mu Swahili."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Nilikuwa nimempa kitabu akakisimamisha, na sikuwahi kukaa naye hata jioni moja nimwambie kilichomo.

Binti alianza na sehemu inayoeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Alitafsiri polepole. "Kila asubui, saa kumi na mbili, tulipima mayi..."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya maharagwe.

"Tulipima? Sisi nani?"

Nilimweleza kwamba ndivyo wasomi wanavyoandika. Hata ukiwa mmoja unasema sisi, ni adabu ya karatasi.

"Ulikuwa mu Bukavu," mama alisema.

"Ndiyo, maman."

"Mvua ilinyesha, nilienda. Nilikuwa na malaria, nilienda. Siku ya kuzika dada yangu nilienda kwanza ku mayi, kisha njo nikavaa kikwembe ya kilio."

"Ndiyo, maman."

Ni kweli tupu. Mimi nilikuwa mjini, kwenye masomo. Mama ndiye aliyeweka ndoo, akatazama saa niliyomwachia, akaandika namba ndani ya daftari, na daftari likanifikia kila mwisho wa mwezi. Kwenye shukrani nilimtaja profesa, nikamtaja mkuu wa kitivo, nikamtaja mchumba ambaye hata hakunioa. Wazazi niliwashukuru kwa "kujitoa kwao". Niliyaona maneno hayo juu ya meza na nikatamani yeye asiyafikie.

Mama alirudi kwenye maharagwe yake. "Endelea, mutoto."

Binti aliendelea, sasa ni namba tu, akizisema huku akiandika. Thelathini na tisa. Arobaini na moja. Arobaini. Arobaini na mbili. Mwezi baada ya mwezi, sauti yake ya chini ikawa inatulaza. Alipofika mwezi wa tisa akasema arobaini na nane, arobaini na nane, sitini, arobaini na nane, arobaini na nane, sitini. Akafunua ukurasa uliofuata, na mwingine.

"Maman," aliniambia, "kutokea hapa kuko namba mbili tu. Makumi ine na munane, na makumi sita. Mpaka mwisho. Mayi haifanyake vile."

Nilisimama nyuma ya bega lake nikatazama. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimezijumlisha namba hizo, nikazigawanya, nikazichorea mstari mzuri unaopanda, na sikuwahi kuzitazama zenyewe. Profesa hakuzitazama, walimu wengine hawakuzitazama. Hata yule wa wembe, nadhani, alitazama mistari ya jedwali tu.

"Ni dazeni," mama alisema, bila kuinua kichwa.

"Dazeni gani?"

"Dazeni ine. Dazeni tano." Alitushangaa kwamba hatuelewi. Mama yangu ameuza vikombe na sahani katika soko la Katana maisha yake yote, na vikombe huuzwa kwa dazeni. Hesabu ya kumi na mbili anaijua hata akiwa usingizini. "Saa yako ilikufa mu mwezi wa kenda. Ulikuwa na mitihani, sikutaka kukusumbua. Mimi kila siku nikingoja ndoo ijae ninasali Salamu Maria. Saa ikiwa bado nzima, niliangalia: Salamu moja, sekonde kumi na mbili. Dazeni moja kabisa! Basi nikaona, saa ya nini? Salamu ine, dazeni ine. Salamu tano, dazeni tano. Niliandika."

Nilikaa chini.

"Lakini, koko," binti aliuliza, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake, "mbona inapanda?"

Mama alifikiri. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. "Mwezi wa kenda njo tunalima," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Hatukungoja. Tulichukua ndoo tukaenda chemchemini watatu, mama mbele. Wanawake walikuwa kwenye mstari na bidoni zao za maji, na mama akawaomba watupishe kidogo, kazi ya chuo kikuu. Binti alishika simu yake yenye kuhesabu sekunde, ile ile iliyokatazwa. Mara ya kwanza mama alisali kama mtu aliye kanisani. Ndoo ilijaa yupo kwenye Salamu ya nne, hajafika nusu yake. Simu ikasema arobaini na moja.

"Sasa sali kama mwezi wa kenda," nilimwambia.

Mama alifunga kikwembe vizuri, akatazama upande wa shamba lake, akaanza. Sijawahi kusikia Bikira Maria akisalimiwa mbio namna ile. Wanawake wa mstarini, bila kuelewa, walipokea sala naye, wengine wakiinamisha vichwa, na mmoja aliyefika nyuma akauliza nani amekufa. Amina ya nne na maji yaliyomwagika vilikuja pamoja. Simu ikasema arobaini. Salamu nne, dazeni nne, arobaini na nane.

Binti alikaa juu ya jiwe akacheka hadi akafuta machozi. Sidhani yalikuwa ya kicheko peke yake.

"Basi miti ya kaliptusi haikuiba kitu?" mama aliuliza.

"Haikuiba, maman."

"Na weye walikupa points juu ya haraka yangu."

"Walinipa."

Mstari mzima ulicheka, kwa maana sasa walikuwa wameelewa. Mama alicheka nao, halafu akaacha kucheka kabla yao. Alinisogelea akasema chini, ili wengine wasisikie, "Nilikuharibia kitabu?"

Niseme kweli. Kwa muda mfupi nilikuwa na hasira, na nilikuwa namtafuta wa kumpa. Lakini nilimwona mwanamke huyu akitoka nyumbani alfajiri kwa mwaka mzima, na malaria, na msiba, kwa ajili ya namba ambazo hakuna aliyemweleza zinatafutiwa nini. Kama angejua, angenitumia neno kwamba saa imekufa. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na nikajionea aibu.

"Hapana, maman. Mimi njo nilikuficha ndani yake."

Tuliporudi nyumbani alichukua memwari mezani, akaishika kwa mikono miwili. Nilidhani anairudisha kwenye bufe. Akaiweka mbele ya binti, akamsukumia na simu.

"Piga foto," alisema. "Piga zote. Zamani sikujue ni mimi iko mule ndani. Nilijifunga mwenyewe miaka yote hii, na ufunguo iko mu kikwembe yangu."

Njiani kurudi Bukavu shetani alikaa nami. Alinishauri nimwandikie profesa barua fupi ya siri, tatizo dogo la kipimo, binti asainiwe, yaishe. Jina langu lingebaki safi, mikaratusi ingeendelea kutukanwa, na kila mwaka mwanafunzi mwingine angepima maji ya Katana na kuitwa mwongo. Binti alikuwa amelala pembeni yangu na simu yake kifuani. Tulipoanza kuona nyumba za mjini nikamwambia shetani hapana. Neno hilo nalijua vizuri.

Jumatatu niliingia ofisini kwa profesa na kurasa zilizopigwa foto na ukurasa mmoja wa masahihisho nilioandika usiku wa Jumapili. Alisoma. Kalamu yake ikaanza kugongagonga meza. Nikajua anayapitia madarasa yote ya miaka yote.

"Alisali katika lugha gani?" aliuliza mwishowe.

"Mashi, Profesa."

Akavua saa yake, akaiweka mbele yake, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Akatazama saa. "Kumi na nne," alisema. "Lakini mimi mzee." Kisha akacheka, akavuta karatasi ya binti, akasaini, na akaomba nimwachie ukurasa ule wa masahihisho, kwa sababu alisema utamfaa darasani kuliko mikaratusi.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mwenzangu wa kompyuta. Nilimwambia tuanze na yangu: memwari yote, namba za kila siku zote, na masahihisho mbele kabisa, mahali ambapo hakuna atakayeyaruka. Aliniangalia, akanionesha bomba la maji kwenye korido, akasema, "Kwanza unawe, maman." Nikanawa. Tangu hapo tumepitisha rafu tatu. Zile zilizonyolewa tunazitafuta kwenye mabufe ya watu, nyumba kwa nyumba, na nimejifunza kwamba wamama wa mji huu ni walinzi wakali kunishinda. Ufunguo siku hizi unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kazi yake ni kuzuia mvua na karanga.

Binti alitetea mwezi uliofuata. Aliulizwa maswali magumu, akayajibu kwa sauti ile ile ya chini, na mdogo wake alikaa mstari wa mbele na maua ya plastiki mapajani. Leo mdogo huyo yuko mwaka wa kwanza, na ananisumbua kuliko dada yake.

Mama alikuja siku hiyo ya kutetea, na wamama wale wale wawili, na kitenge kile kile cha sare. Sherehe ilipokwisha niliwapitisha maktaba. Hawakuwa na kadi. Niliwakalisha kwenye meza yangu, nikawafungulia kompyuta, na mama akanawa kwenye beseni kabla ya kusogea, ingawa nilimwambia kioo hakihitaji.

"Soma," alisema.

Nikasoma kwa Kiswahili. "Katika kazi hii niliandika: tulipima. Si kweli. Aliyepima ni mama yangu, muuza vikombe katika soko la Katana. Alipima kila asubuhi kwa mwaka mzima. Kuanzia mwezi wa tisa saa niliyompa ilikufa, akapima kwa sala. Namba zake zote ziko hapa chini. Kosa la kutozitazama ni langu."

Wenzake walipiga makofi, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasoma kwenye kona akageuka. Mama hakupiga. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Mutu wa Minova anaweza kuona hii?"

"Anaweza, maman."

"Na wa Ulaya?"

"Na wa Ulaya. Kila mutu."

Alikunja mikono iliyokuwa bado na maji, akaiweka juu ya meza.

"Basi ongeza," alisema. "Andika kwamba siku ya kuzika dada yangu, nilipima pia."

Tulitafuta tarehe pamoja kwenye jedwali, mimi na yeye, kidole chake kikifuata changu. Arobaini na moja. Ilikuwa kabla ya saa kufa. Niliongeza mstari huo naye akiwa amekaa hapo, na alitaka niusome mara mbili kabla ya kuondoka.